Ninavyorekodi filamu ya mtu anayeishi na skizofrenia hapa Dodoma

Siku ya kwanza naenda kwa mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, bila kamera. Kibali cha Bodi ya Filamu na barua ya mwenyekiti wa kijiji ninavyo, lakini mwenye ridhaa ni yeye. Namwomba akiwa ametulia, kwa Kigogo kama ndicho anachokizoea, kisha anieleze kwa maneno yake: filamu itaonyeshwa wapi, nani ataiona, akighairi afanyeje. Akishindwa kujibu, narudi siku nyingine. Ndugu hukaa kama shahidi tu. Naiomba tena asubuhi ya kurekodi, na mara ya tatu akishaitazama filamu iliyohaririwa, kwani kipande cha sekunde 30 kikishaingia WhatsApp hakirudi. Filamu ya Titicut Follies ya Frederick Wiseman, iliyorekodiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bridgewater, Marekani, na kutoka mwaka 1967, ilizuiwa na mahakama isionyeshwe kwa umma hadi 1991, hoja ikiwa faragha ya wagonjwa.

Kinachopotosha watazamaji zaidi ni madhara ya dawa. Haloperidoli na sindano ya flufenazini huzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe, kwenye ubongo, na sauti anazozisikia hupungua. Ila dopamini hiyohiyo husaidia kuongoza misuli. Basi mikono hutetemeka, uso hukakamaa, mate hutoka, miguu haitulii chini ya kiti. Mtazamaji husema kichaa ndicho hicho, kumbe anaona dawa! Sindano hiyo kwa kawaida hudungwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na madhara mara nyingi hujitokeza siku za mwanzo. Kwa ruhusa yake namuuliza muuguzi tarehe, nazipisha siku hizo. Kumwambia aruke dozi ili apendeze kwenye picha ni kumdhuru. Mikono ikitetemeka bado, naiacha, na yeye mwenyewe aeleze sababu.

Naketi kwenye kigoda, kamera usawa wa macho yake, lenzi ya milimita 50; lenzi pana ikisogezwa karibu huivimbisha pua. Maiki ya kola naivisha manyoya, maana upepo wa huku hula maneno. Sifungui filamu kwa lango la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili: mtazamaji atakuwa ameshahukumu kabla mtu hajasema neno.

Kufifisha uso hakufichi kitu. Majirani wanamjua kwa sauti, mwendo, hata mlango wake, na wasiomjua humdhania mhalifu. Anayetaka kufichwa, narekodi mikono yake ikichuma zabibu, maneno yake yakasomwa na mtu mwingine.

Akizidiwa, nazima kamera. Aliyefungwa kamba simrekodi hata ndugu wakiruhusu. Nampigia mhudumu wa afya wa kijiji.