Kumbukumbu ya mradi: kifaru wa Dürer kwenye linoleamu

Picha inachongwa kwenye bamba laini la linoleamu, inapakwa wino, kisha inachapwa kwenye karatasi. Hali ya sasa: kiwiliwili kimekamilika, miguu inaendelea.

Chapa (picha iliyochapwa) inayonakiliwa ni ya msanii Mjerumani Albrecht Dürer, 1515. Kifaru mwenyewe alitoka Gujarat, India, akashushwa Lisbon, Ureno, tarehe 20 Mei mwaka huo. Dürer alikuwa Nuremberg, Ujerumani, na hakumwona kamwe. Alitegemea barua na mchoro wa mtu mwingine. Ndiyo maana mnyama ana kijipembe kilichosokotwa juu ya mabega na magamba miguuni. Sharti la mradi ni kutosahihisha kosa hata moja. Anayewajua vifaru wetu wenye pembe mbili puani atatamani kuisogeza ile ya mgongoni. Ibaki palepale.

Deraya, yaani vazi la vita analoonekana kuvaa kifaru wa Dürer, nayo si ya kubuni yote. Kifaru wa India ana mikunjo mizito shingoni, begani na kiunoni. Dürer aliigeuza mabamba yenye kingo. Kwa hiyo kingo zichongwe nene, kama mm 1, na mistari ya kivuli iwe nusu yake. Ikilingana, mabamba yanapotea.

Linoleamu: sm 21 kwa 30, unene mm 3.2. Nakili kwa karatasi ya kufuatishia, igeuze, kisha hamisha kwa kaboni. Kwenye chapa kifaru anatazama kulia, basi kwenye linoleamu atazame kushoto, na neno RHINOCERVS lililoandikwa kwenye chapa lisomeke kinyumenyume.

Kazi hasa iko kwenye magamba ya miguu. Kila gamba ni kiduara cha yai: chonga ndani kwanza kwa patasi ya V ya mm 1, ukizungusha linoleamu badala ya mkono, halafu nje. Kuta za mstari unaobaki zitanuke kuelekea chini. Zikiliwa kwa ndani, mstari unabomoka chini ya rola ya wino. Linoleamu baridi humeguka, basi ianike juani kidogo ilainike.

Wino upakwe tabaka jembamba, urudiwe. Ukizidi, magamba yanajaa na mguu unatoka mweusi tii. Karatasi iwe na unyevu, si maji. Sugua kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati.

Msanii mwingine, Hans Burgkmair wa Augsburg, Ujerumani, alitoa chapa ya kifaru huyohuyo mwaka uleule, iliyo karibu zaidi na ukweli: haina pembe ya mgongoni, na miguu ya mbele imefungwa. Inasikitisha kwamba imebaki nakala moja tu, Vienna, ilhali ya Dürer iliigwa Ulaya kwa zaidi ya miaka 200. Burgkmair atachongwa baadaye, kwa kipimo kilekile, zitundikwe pamoja.

Kinachofuata: kwato, kisha ile pembe.