Namba tisa huanza upya kila mahali

Jumapili, usiku

Leo kijiweni tumebishana tena kuhusu Mbwana Samatta, straika wetu Mtanzania, namba tisa. Jamaa mmoja alihesabu klabu kwa vidole: African Lyon, Simba, TP Mazembe, Genk, Aston Villa, Fenerbahçe, Antwerp, Genk tena, PAOK, Le Havre. Alipofika mwisho akasema, "Mtu akihamahama hivyo ujue hatakiwi." Wengine wakamuunga mkono, kisha mada ikahamia usajili wa Simba na Yanga, na mimi nikabaki na hoja yangu kifuani. Naiandika hapa kabla sijalala, maana naamini safari ile tunaihesabu vibaya.

Nianze na Lubumbashi, mji wa TP Mazembe kule Kongo, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopita haraka. Samatta aliondoka Simba mwaka 2011, akiwa na miaka 18, baada ya Wekundu wa Msimbazi kukutana na Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Desemba ya mwaka uliotangulia, Mazembe walikuwa wamecheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu na kufungwa 3-0 na Inter Milan. Hiyo ndiyo timu ambayo kijana wa Mbagala, aliyetoka kucheza msimu mmoja Msimbazi, alikwenda kuomba nafasi mbele. Thomas Ulimwengu naye alikuwa huko. Walau mji ni wa Kiswahili, hata kama Kiswahili chao kina ladha yake, kwa hiyo sokoni na kwenye teksi mtu wa Dar hapotei. Uwanjani ni habari nyingine. Alikaa karibu miaka mitano, na sehemu kubwa ya miaka hiyo huku nyumbani hatukuwa tunaona mechi zake. Tulisikia matokeo redioni, basi.

Halafu ikaja 2015. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya USM Alger ya Algeria ilichezwa mara mbili. Ugenini Algiers, Mazembe wakashinda 2-1, la pili likiwa penalti ya Samatta. Mchezo wa marudiano ulikuwa Novemba 8 mjini Lubumbashi. Niliutazama kwenye kibanda umiza, nimebanwa kwenye benchi la mbao kati ya fundi cherehani na konda aliyekuwa bado na sare yake ya kazi. Hadi dakika ya 75 hakuna bao, joto la mabati linatuchoma, feni moja inazungusha hewa ileile. Ikatolewa penalti, na mpira akauchukua yeye. Konda akavua kofia akajifunika uso, akanishika goti akisema, "Niambie tu, kaka, niambie tu." Sikuwahi kumwambia, maana kibanda kizima kilisimama kabla yangu. Roger Assalé akaongeza la pili mwishoni. Mtanzania alikuwa amefunga katika mechi zote mbili za fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na kwa mabao 7 alimaliza kileleni mwa orodha ya wafungaji wa mashindano yale.

Siku sita baadaye alikuwa Dar es Salaam na jezi ya Taifa Stars, akaifunga Algeria katika sare ya 2-2. Tukatamba siku tatu. Kwenye marudiano kule Blida tukapigwa 7-0. Nalitaja hilo kwa uchungu, kwa kuwa ndilo lililonifanya niione kazi ya straika kwa jicho jingine: mtu yuleyule, mwezi uleule, bingwa wa Afrika huku na hoi kule. Miguu yake haikuwa imebadilika. Waliomzunguka ndio waliobadilika.

Januari 2016, mjini Abuja, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikampa tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika, na hakuna mtu wa Afrika Mashariki aliyewahi kuipata kabla yake. Mwezi huohuo akahamia Genk, Ubelgiji.

Genk ndiko alikocheka na nyavu kweli. Agosti 2018 aliwapiga Brøndby mabao matatu peke yake kwenye Europa League. Msimu ule wa 2018/19 Genk wakatwaa ubingwa wa Ubelgiji, yeye akiwa na mabao 23 ya ligi, na akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ile. Sasa tazama waliokuwa wakimlisha: Leandro Trossard kushoto, Ruslan Malinovskyi na Alejandro Pozuelo katikati, Sander Berge nyuma yao. Mpira ulikuwa unamfikia akiwa anakimbilia nyuma ya mabeki, jambo analolipenda kuliko yote. Pozuelo akaondoka Machi 2019 kwenda Toronto. Kiangazi Trossard akaenda Brighton na Malinovskyi akaenda Atalanta. Novemba mwaka huo Samatta bado alifunga kwa kichwa Anfield dhidi ya Liverpool, lakini timu iliyomlea ilikuwa imeshatawanyika.

Kisha Aston Villa, England. Hapa ndipo wabishi wanapopata mtaji: mechi 14 za Ligi Kuu ya England, bao moja. Hesabu ni sahihi. Lakini Villa walimchukua dirisha dogo la 2020 kwa sababu Wesley, straika wao, alikuwa ameumia goti siku ya mwaka mpya, na timu ilikuwa inapambana isishuke daraja. Hata kibali cha kazi hakikuwa cha moja kwa moja, maana kanuni za wakati ule ziliangalia nafasi ya nchi yako katika orodha ya FIFA, zikitaka iwe ndani ya 50 za juu, na sisi tulikuwa nje hata ya 100. Alifunga kwenye mechi yake ya kwanza ya ligi, kule Bournemouth. Machi 1 akafunga Wembley, fainali ya Kombe la Carabao, yaani kombe la ligi la England, dhidi ya Manchester City. John Stones aliteleza, Anwar El Ghazi akapenyeza krosi, Samatta akajirusha na kuipiga kichwa. Villa walilala 2-1, lakini mimi bao lile naliona mpaka leo nikifumba macho. Siku chache baadaye corona ikasimamisha ligi. Iliporejea Juni, viwanja vikiwa vitupu, mpira wa Villa ulikuwa wa kujilinda na kumtafuta Jack Grealish. Namba tisa alikuwa akisubiri mpira usiofika. Villa wakanusurika siku ya mwisho, Septemba wakamnunua Ollie Watkins, na Samatta akatumwa Fenerbahçe, Uturuki.

Kwa hiyo nikisikia "alishindwa" nauliza, alishindwa nini hasa? Alinunuliwa kuziba pengo la nusu msimu, akaliziba, timu ikabaki Ligi Kuu. Angeweza kufunga zaidi? Ndiyo, na naamini hata yeye anajua. Ila mfungaji ni mtu wa mwisho kwenye mnyororo mrefu, na akihama, mnyororo wote unabaki alikotoka. Kamuulize Michael Olunga, straika Mkenya. Girona, Hispania, alifunga hat-trick Januari 2018 na bado dakika zilikuwa za kuhesabu. Akaenda Kashiwa Reysol, Japani, na mwaka 2020 akatupia mabao 28 ya ligi na kutangazwa mchezaji bora wa J1, ligi kuu ya huko.

Maisha ya mkopo, ya kuazimwa na klabu nyingine, ndiyo yanayonigusa zaidi. Oktoba 2021 Samatta alirudi Istanbul na jezi ya Antwerp, waliomkopa kutoka Fenerbahçe hiyohiyo, akawafunga waajiri wake dakika ya pili tu ya mchezo, na mechi ikaisha 2-2. Msimu wa 2022/23 akapelekwa Genk, nyumbani kwake kwa pili. Juni 4, 2023, siku ya mwisho ya ligi, Genk wanaongoza 2-1 kwenye uwanja wao, ubingwa uko mkononi, halafu dakika za nyongeza Toby Alderweireld wa timu ngeni anaachia shuti, 2-2, na kombe linakwenda kwa nani? Antwerp, klabu aliyokuwa mwaka mmoja kabla. Mtu anayeishi kwa kukopeshwa huwa upande usio wake siku ya sherehe. Nilifurahi sana msimu uliofuata PAOK walipotwaa ubingwa wa Ugiriki naye akiwa kikosini. Na mwaka 2025, akiwa na miaka 32, ligi kuu ya Ufaransa ikamfungulia mlango kupitia Le Havre. Asiyetakiwa hapewi mkataba kwenye ligi kama hiyo katika umri huo.

Kuna jambo ambalo kijiweni halizungumzwi kabisa, nalo ni fedha inayorudi nyuma. Kanuni ya FIFA ya mshikamano inasema asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka hadi 15, kisha asilimia 0.5 kwa kila mwaka hadi 23. Ada ya kwenda Villa iliripotiwa kuwa karibu pauni milioni 8.5. Nusu asilimia yake ni zaidi ya pauni 42,000 kwa mwaka mmoja wa malezi. Kwa timu ndogo ya Dar hiyo ni mipira, jezi, nauli na mshahara wa kocha kwa muda mrefu. Kila anapouzwa kwa ada, hesabu inaanza tena.

Ndiyo maana nina wasiwasi na mpwa wangu. Ana miaka 17, namba tisa wa timu ya mtaa, ana kasi na hana woga. Jana aliniuliza, "Mjomba, nikipata majaribio Zambia au Kongo niende, au nisubiri Simba?" Nitamjibu kesho, baada ya kuongea na mama yake. Mimi naona aende, mradi aulize kwanza timu ina mawinga gani, kocha anasimamisha mshambuliaji mmoja au wawili, na kipengele cha mkopo kwenye mkataba kinasemaje. Lakini kabla ya yote nitamwona katibu wa timu yao. Msimu huu wote kijana amecheza bila jina lake kuwemo kwenye usajili rasmi, na dirisha likifungwa hivyo, mwaka wake huu hautaonekana kwenye rekodi yoyote ya kudai fedha ile ya malezi.