Siku moja maishani mwangu: fundi wa redio kol, Mtwara

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kunawa uso nawasha redio iliyo juu ya kabati, chaneli 16, ile ya wito wa dharura baharini, naisikiliza mpaka chai ichemke. Kimya. Kwangu hicho ni salamu ya asubuhi: hakuna chombo kilicho karibu kinachoomba msaada.

Saa 1 na nusu nafungua kibanda, nafagia, naweka betri za wateja kwenye chaji. Wengi wakiona kibao cha "Fundi Redio" huniletea sabufa. Kazi yangu ni redio za kuongea: za boti, za meli, za walinzi.

Saa 3 niko bandarini. Meli ndogo ya mizigo ya Komoro, nahodha analalamika kwamba anasikia lakini hasikiki. Nimepanda mlingoti, jua la Novemba mgongoni, nikakuta konekta ya antena imeliwa na chumvi hadi imegeuka kijani. Nikakata waya kiasi cha kiganja, nikafunga konekta mpya, nikazungushia tepu. Mita ikaonyesha wati 25 zinatoka hewani badala ya kurudi redioni.

Nahodha akanionyesha leseni ya redio ya chombo chake. Jina lake la kuitia hewani linaanza na D6, na namba yake ya tarakimu 9 inaanza na 616. Zetu za Tanzania huanza na 5H, na namba ni 674 au 677. Komoro ni nchi ndogo, lakini fungu hilo la D6 na 616 ni lake na hakuna taifa jingine linaloruhusiwa kuligusa. Yeye ni mtu wa Ndzuani, kimoja cha visiwa vya Komoro. Kutoka kwao hadi Mayotte ni kama kilomita 70 tu za maji, na Mayotte masafa ya redio yanapangwa na Ufaransa. Bahari ni bapa, wimbi la redio halikuti mlima wa kulizuia. Kituo kikiongeza nguvu upande mmoja kinaingia jikoni kwa jirani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya mamlaka ya nchi ya visiwa ni kupatana na majirani na kupeleka vituo vyake ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa kule Geneva, viandikwe kwenye daftari la dunia. Usipoandikisha, siku ukiingiliwa huna pa kusimamia. Nasi huku tunalijua hilo: jioni za joto, upepo ukitulia, FM za Msumbiji huja na Kireno chao mpaka sebuleni.

Saa 6 mchana nimerudi kibandani, sijala, na tajiri mmoja wa maghala ya korosho ananisubiri na boksi mezani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, redio 12 hizi, nimezitoa Kariakoo. Vijana wangu wanaingiliana na watu. Niwekee frikwensi isiyo na mtu."

Nikamuuliza leseni. Akasema redio ni zake, amelipa, risiti anayo. Nikamweleza kwamba redio ni yake lakini masafa ni ya nchi, yanaombwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakupangia yako na unayalipia. Akasema nchi haimsaidii kulinda korosho. Nikaeleza tena. Akampigia mwanawe simu, akaweka spika, mwana akasema fundi wa Dar anafanya kwa elfu tano. Watu wakaanza kusimama mlangoni.

Kisha akasema mwenyewe ameshapata iliyo wazi. Vijana wake waliisikiliza siku tatu, haina hata mtu mmoja. Akaniandikia kwenye karatasi: 156.800.

Hiyo ndiyo chaneli 16.

Nilikaa kitini. Nilimwambia, mzee wangu, hii iko kimya kwa sababu inamsubiri mtu anayezama. Kila meli inayopita pwani hii imeiacha wazi inasikiliza. Mlinzi wako akishikilia kitufe akihesabu magunia, mvuvi wa Msangamkuu ambaye boti yake imepasuka hatasikika. Akanitazama kama ninayemwongezea bei. Nikarudia, sasa kwa kumuuliza kama hana ndugu anayekwenda baharini. Hakunijibu, ila hakunizuia nilipovuta boksi nikaanza kuifuta frikwensi hiyo kwenye redio, moja moja, kwa kompyuta yangu ambayo betri yake haifiki saa nzima. Umeme ukakatika. Ukarudi. Nikafika ya 11, simu yake ikaita, lori limefika ghalani, akafunga boksi na kuondoka bila kuaga. Ya 12 ilikuwa mkononi mwa mlinzi wake nje, sikuiona.

Mchana uliobaki sikutazama saa. Kulikuwa na chaja mbili, spika ya redio ya boti ya Mikindani, na mama aliyetaka televisheni yake. Mikono ilikuwa inatetemeka kwa njaa. Nilikula wali na samaki wakati watu wanaswali magharibi.

Usiku nimelala chali sebuleni, redio juu ya kabati inanguruma taratibu. Halafu sauti, karibu kabisa, kwenye 16: "Gari la pili limeingia? Gari la pili?"

Nilivaa viatu. Bodaboda hadi maghalani, kompyuta kwenye mkoba, waya shingoni. Mlinzi alikuwa kijana mpole, akadhani nimetumwa na bosi. Nikamwambia ninachokuja kufanya na kwa nini. Akafikiri kidogo, akasema kaka yake anavua Msimbati, akanipa redio.

Getini hakukuwa na taa. Alinishikia tochi ya simu nikafuta 156.800, nikamwambia mpaka leseni itoke atumie simu yake au filimbi. Kisha nikawasha redio yangu ya mkononi, chaneli 16, tukasikiliza wote wawili. Ilikuwa kimya. Saa 5 kasoro dakika kumi.