Mahamri ya Makupa

Jumamosi tulikuwa juu ya daraja la Makupa, Mombasa, twaenda uwanja wa ndege kumpokea babake, binti wa mdogo wangu akaniuliza: "Shangazi, baba alipopanda meli mara ya kwanza, aliogopa?"

Nikageuza uso kuangalia maji.

Siku ile ya meli ya kwanza hakukuwa na maji ya kupita chini yetu. Ilikuwa 2013, daraja hili la 2022 bado. Tulipita juu ya lile tuta lililoziba bahari, na jaa la Kibarani lilikuwa likifuka moshi kando ya barabara.

Ndege ya mdogo wangu kutoka Nairobi ilitua saa saba na nusu. Meli ya watalii aliyoajiriwa kuhudumu mezani ilikuwa Kilindini tangu asubuhi, naye alitakiwa getini kabla ya saa kumi. Dereva wa teksi alitaka 1,500. Pesa za mama nilizishika mimi, na mimi ndiye niliyesema tupande matatu. Tukachukua tuktuk hadi Changamwe, tukapata matatu ya mjini.

Pale Makupa tukakwama. Malori ya bandarini, mabasi ya Nairobi na matatu za Magongo, sote tulibanwa kwenye njia hiyo ya kuingia kisiwani. Makanga akashuka, akaenda mbele kwa miguu, akarudi akitikisa kichwa. Tukafunga madirisha kwa sababu ya moshi.

Mdogo wangu alikuwa amepakata sanduku, na juu yake bahasha ya kaki yenye paspoti, kitabu cha ubaharia na kadi ya manjano ya chanjo. Nikafungua mahamri aliyoyatia mama kwenye gazeti. Akachukua moja kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akainua bahasha juu, isiingie mafuta. Akatafuna polepole. Ndani ya gari lote ilinuka iliki na taka zinazoungua. Kisha akasema bila kunitazama:

"Dada, naogopa."

Alikuwa na miaka 22. Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, hata siku tuliyomzika baba.

"Kula," nikamwambia. "Yatapoa."

Akala. Alipomaliza akafuta vidole kwenye pindo la leso yangu, taratibu, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akifanya utotoni. Ndipo akaishusha bahasha. Gari likasogea.

Mwembe Tayari tukashuka, tukapanda bodaboda mbili, tukapita chini ya Pembe za Ndovu mbio. Jengo la abiria lililopo leo gati namba 1 halikuwapo. Askari alisoma karatasi, akamwashiria apite, nami nikabaki nje na gazeti lenye mahamri manne. Saa kumi kasoro dakika chache.

Alirudi baada ya miezi tisa, akaondoka tena, na tena. Lile neno hatukulirudia. Mara nyingine huwaza kwamba lau ningelipa teksi, asingepata nafasi ya kulisema. Mara nyingine naona alilisema kwa mtu asiyejua kulipokea.

"Muulize mwenyewe," nilimjibu mtoto.

Akamuuliza, tukirudi, papo hapo darajani. Babake alinyamaza hadi tukavuka.

"Shangazi yako alinipa mahamri," akasema.

Sijui kama alikuwa akinishukuru.