Tafakari ya Juma: Ndoana ya Petro

Wapendwa katika Kristo,

Somo la juma hili ni Mathayo 17:24–27. Ni kifungu kifupi, na wengi wetu hukiruka tukikimbilia sura ya 18. Watoza nusu-shekeli ya hekalu wanamfuata Petro pale Kapernaumu, wanamwuliza kama Mwalimu wake hatoi. Petro anajibu papo hapo kwamba hutoa, wala hajamwuliza mwenyewe. Anapoingia nyumbani, kabla hajatamka neno, Bwana anamtangulia kwa swali: wafalme wa dunia huwatoza ushuru wana wao, au wageni? Wageni, anasema Petro. Basi Mwana hadaiwi kitu. Hata hivyo, wasije wakakwazika, anamtuma: “Enenda baharini ukatupe ndoana.” Mdomoni mwa samaki wa kwanza ataona shekeli, ailipe kwa ajili yao wote wawili.

Petro alikuwa mtu wa nyavu. Katika Injili zote nne, ni hapa tu tunapomwona mvuvi akitumwa na ndoana. Kwingine ni nyavu. Kwenye Luka 5 zinaanza kukatika na vyombo viwili vinajaa hata kutaka kuzama. Kwenye Yohana 21 wanahesabu samaki wakubwa 153. Hizo nyavu zilizojaa tunazipenda, na tumezihubiri mpaka watu wanatoka kanisani wakidhani imani inapimwa kwa uzito wa samaki. Huyu wa ndoana ni nadra kumsikia mimbarani, na nasikitika kwa hilo, maana ndiye anayefanana na waumini wengi ninaowajua.

Kuna mzee jirani yetu hapa Mombasa ambaye huvua kwa mshipi juu ya majabali ya Mama Ngina. Jumamosi moja alinichukua. Ukiipita mibuyu kuelekea upande wa mnara wa taa, ardhi inakatika ghafla, na chini yako ni mlango wa Kilindini, ambako meli za kontena hupita karibu hata ukasikia mngurumo wa injini. Jabali lenyewe ni tumbawe la kale. Chini limeliwa na mawimbi, juu lina ncha zinazokata kandambili. Mzee alikuwa ameshahesabu siku za mwezi. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya hapa hupanda zaidi ya meta 3 toka kupwa hadi kujaa, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo mvuvi wa jabalini hafuati saa ya ukutani. Yeye hupenda maji yakiwa yanajaa, kwa sababu samaki huyafuata hadi chini ya mwamba kutafuta chakula.

Mshipi aliuzungusha kwenye chupa ya plastiki. Uzito wake ni plagi kuukuu ya gari, chambo chake vipande vya ngisi. Yeye ni Mwislamu; kila akitupa husema “Bismillahi”, nami moyoni nilikuwa nikisema yangu. Kisha akakaa kimya, mshipi umepita juu ya kidole cha shahada, na pale kwenye kiungo pana alama iliyochimbika kwa miaka ya nyuzi. Macho hayamsaidii kitu. Maji ni mazito, chini huoni. Kila anachokijua kinamfikia kupitia kidole kile. Nilipohisi mshipi wangu ukigongwa nikataka kuvuta, akanizuia mkono. “Wacha, mwanangu. Huyo anaonja. Akichukua utajua.”

Kijana wa pembeni yetu mshipi wake ulinasa mwambani, ukakatika, ndoana ikabaki huko. Mzee akafungua kopo lake akampa nyingine, hakuna aliyesema mengi. Majabalini ndivyo wanavyoishi.

Jua lilipokuwa limeshapanda akachukua samaki mzuri aitwaye changu, urefu wa toka kiganja hadi kiwiko. Kumpandisha kwenye jabali refu kama lile ni kazi, maana unavuta mkono kwa mkono huku wimbi likitaka kumgonga mwambani na kumtoa kwenye ndoana. Alipofika juu mzee alimbana kwa kitambaa, akamfumbua mdomo taratibu kutoa ndoana. Ndani ulikuwa mwekundu, na meno ya mbele makali. Niliduwaa pale nikiusoma tena mstari wa 27 kichwani: “na ukifumbua mdomo wake.” Bwana alimtuma mvuvi kufanya jambo ambalo mvuvi hulifanya kwa kila samaki wa ndoana. Muujiza aliuweka mahali ambapo mikono ya Petro ingefika tu kwa kutenda kazi yake.

Changu yule aliuzwa barabarani kabla hatujafika nyumbani. Pesa haikukaa mfukoni. Ilikwenda moja kwa moja kulipa unga uliochukuliwa dukani kwa mkopo. Wale wadogo tuliowapata kabla yake ndio waliokuwa kitoweo.

Na shekeli ya Petro ilikwenda vivyo hivyo. Ilitoka mdomoni mwa samaki ikaingia mikononi mwa watoza. Hakuna aliyetajirika siku ile. Ilitosha deni, basi. Torati katika Kutoka 30 ilisema tajiri asitoe zaidi ya nusu-shekeli wala maskini asitoe pungufu, maana ni kwa ajili ya nafsi zao, na mbele za Mungu nafsi ya mmoja haimzidi mwingine bei. Sasa msikilize Bwana: “ichukue hiyo ukawape kwa ajili yangu na kwa ajili yako.” Sarafu ni moja, nusu yake na nusu ya Petro hazitenganishwi. Asiyedaiwa amekubali kuandikwa pamoja na anayedaiwa, na malipo ya wote wawili yametoka kwake. Wapendwa, mimi hapa naiona Kalvari, na wala hatujafika bado Yerusalemu. Haishangazi kwamba aliyetuandikia habari hii ni Mathayo peke yake, aliyewahi kukaa forodhani akitoza watu.

Tena tazameni jinsi kifungu kinavyoishia. Mathayo hasemi Petro alikwenda, wala kwamba samaki alizuka. Sina shaka alikwenda, nami nadhani haikuwa rahisi kwa mtu aliyejulikana mjini kuwa na chombo na washirika kuonekana peke yake juu ya mawe yale meusi ya Kapernaumu na uzi mmoja mkononi. Lakini Maandiko yanatuacha kwenye agizo. Na ndipo walipo wengi wenu mnaosoma haya. Neno mmelipokea, mshipi uko majini, nao uko kimya. Karo ya muhula inadaiwa, bili ya hospitali bado iko mezani, mmeomba na mmefanya kazi. Siwezi kuwaambia samaki atazuka Ijumaa. Ninachoweza kuwaonyesha kimeandikwa mstari wa 25: Petro alikuwa bado hajasema kitu kuhusu lile deni, na Bwana alikuwa ameshalijua, ameshaanza kulizungumza naye.

Msiache kutupa. Na mwenye ndoana ya ziada kwenye kopo lake amwangalie wa pembeni.

Juma hili tuwaombee wavuvi wa pwani yetu. Upepo wa kusi ukishika, vyombo vidogo hushindwa kutoka nje ya mwamba, na majabali hujaa watu ambao hawana pengine pa kupata riziki, wengine juu ya mawe yenye utelezi, wimbi likipiga hadi miguuni. Uwalinde, ee Bwana, wenye kukujua na wasiokujua bado. Uwarudishe nyumbani salama, na mikononi mwao kiwepo cha kutosha. Amina.