Kuchuja Picha za Mtaani

Leo jioni nimekaa na picha za wiki hii nikizichuja. Napenda kuchuja kuliko hata kupiga, kwa sababu kule barabarani kila kitu kinavutia: kilemba cha rangi ya chungwa, ushungi wa bluu, mabango ya maduka yenye maandishi ya hati tatu ukuta mmoja. Mji wenye watu wa kila asili humpa mpiga picha rangi za bure. Ukizitazama baadaye kwenye skrini, nyingi ni picha za nguo tu, na mvaaji hayumo.

Zinazobaki ni zile ambazo watu wana shughuli wao kwa wao. Ninayoipenda zaidi ni ya kituo cha basi. Mzee mwenye kilemba na msichana mwenye hedifoni wamesimama mbele ya ratiba iliyobandikwa nyuma ya kioo. Msichana ameisukuma hedifoni nyuma ya sikio moja ili asikie. Vidole vyao viwili viko kwenye mstari mmoja wa ratiba, ila cha mzee kimeanza kuteremka kuelekea basi linalofuata. Kama walielewana kwa lugha gani, sijui.

Vidole hivyo, kimoja cheusi na kingine cheupe, vilinipa kazi. Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui ngozi. Kila kilicho mbele yake hukichukulia kuwa kijivu cha wastani. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera huongeza mwanga hadi ukapauka. Uso uohuo ukisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera hupunguza mwanga na uso ukageuka kivuli. Filamu nazo zilikuwa na yake: kwa miongo kadhaa maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kama kadi za Shirley, na zile zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kwa hiyo kamera sikuiachia ijiamulie. Nilipima pale penye mwanga mkali nisipaunguze, kisha nikauinua weusi wakati wa kuhariri. Sensa ya kamera, yaani kihisi chake cha mwanga, husamehe kivuli. Mng'ao ukishaungua haurudi.

Mwanga una dawa. Ruhusa ndiyo ngumu.

Kati ya 1999 na 2001 mpiga picha Philip-Lorca diCorcia alitega taa Times Square, New York, akawa anapiga nyuso za wapita njia kwa mbali bila wao kujua. Mmoja wao, Myahudi wa Kiorthodoksi, alikwenda mahakamani akisema kuonyeshwa na kuuzwa kwa picha yake kunakiuka imani yake. Mwaka 2006 mahakama ikaitupa kesi: ile ni sanaa, na sanaa inalindwa. Mimi mpiga picha ningepaswa kushangilia, lakini kila nikiifikiria kesi ile najikuta upande wa yule bwana. Katika mji wa mchanganyiko, kila mtu ametoka kwao na msimamo wake kuhusu sura yake. Kuna anayekufukuzia akitaka umtumie nakala, na kuna anayeiona picha kama kuibiwa.

Ndiyo maana natumia lenzi ya milimita 35 na kusogea karibu. Anayeniona anaweza kukataa. Lenzi ndefu, ya kupigia kwa mbali, inamnyang'anya nafasi hiyo. Helen Levitt, bingwa wa picha za mitaa ya New York, alikuwa na kitafutio cha pembe, yaani kitundu cha kuchungulia kilichopinda, kilichomwezesha kuelekea upande mmoja huku akipiga upande mwingine. Picha zake nazihusudu, ujanja ule siutaki. Wenzangu hunicheka kwamba mtu akishakuona, uhalisia umekwisha. Hapana. Wengi wakishakuona wanaendelea na mambo yao. Mpiga picha hana umuhimu huo anaojipa.

Mtu akiinua kiganja kukataa, nafuta picha mbele yake bila mjadala.

Sasa kuna huyu mwenye ushungi wa bluu. Kwa mpangilio ndiyo picha bora ya wiki: mstari wa reli, kivuli, mkono uliokamata mkoba. Hakuinua kiganja, aligeuza uso tu, nami nilikuwa nimeshabonyeza. Rafiki yangu anasema kuiacha ni wazimu, kwa kuwa uso hata hauonekani. Nimemjibu kwamba uso hauonekani kwa sababu hakutaka uonekane. Tumebishana mpaka simu yake ikaisha chaji.