Nikiufunga, nipumulie wapi?

Kwanza habari za nyumbani, maana nawajua, mtapiga simu: kesi ya kiwanja cha Mbagala imeisha na tumeshinda, mama yetu, ambaye nyumbani wote tunamwita Bibi, kafika salama kutoka Lindi na korosho zake, na lile kontena la vigae lililokuwa likininyima usingizi limetoka bandarini juzi. Hayo yanatosha. Usiku huu nimekaa kuandika kwa sababu ya maneno ya nesi mmoja. Hayakuchukua hata nusu dakika kuyasema, na tangu Jumanne yananizunguka kichwani.

Tulimpeleka Kapteni, mtoto wa Dada mwenye Duchenne, ule ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, kwa daktari wa meno. Kliniki siitaji, msiniulize. Dada alikuwa zamu, kwa hiyo nilikwenda mimi pamoja na dereva wetu wa Noah, yule anayejua kukunja kitimwendo bila kuvunja kitu. Nesi alikuwa anajaza kadi. Akamtazama Kapteni, akanitazama mimi, akasema:

"Mama, mfundishe mtoto kufunga mdomo. Mkubwa huyu."

Kapteni hata hakunisubiri. "Nikiufunga, nipumulie wapi, sista?"

Nesi akasema, "Mh." Akainama, akaandika kitu kwenye kadi.

Basi, ni hivyo tu. Hakuna aliyepandisha sauti, na wagonjwa wengine kwenye benchi waliendelea na simu zao. Lakini mimi nimeyageuza maneno yale kila upande. "Mfundishe", kana kwamba kufunga mdomo ni hesabu za kuzidisha na sisi nyumbani tumekuwa watoro. "Mkubwa huyu", na ni kweli ni mkubwa, ana miaka kumi na mitatu na juu ya mdomo ameanza kuota kitu anachokiita sharubu. Halafu ile "mh" yake! Kuna "mh" ya kuelewa na kuna "mh" ya kudharau, na nimejaribu kuitamka zote mbili mbele ya kioo nikakosa kujua yake ilikuwa ipi. Nimemjibu yule nesi ndani ya mwendokasi nikiwa nimesimama. Nimemjibu nikikaanga vitunguu, vikaungua. Jana nimemjibu kwa sauti ofisini, mwenzangu wa meza ya pili akadhani namwambia yeye.

Jibu langu lilikuwa refu mno, ndiyo shida yake. La Kapteni lilikuwa na maneno matatu na lilimaliza kila kitu. Ila kwa kuwa langu limeshatungwa, acha niliweke hapa. Habari za miguu nimewaandikia sana, lini alianza kuanguka, lini ngazi zilimshinda, lini kitimwendo kilikuja. Habari za mdomo sijawahi.

Duchenne haichagui misuli ya miguu peke yake. Mwili unakosa distrofini, ile protini inayouzuia msuli usichanike kila unapofanya kazi, na midomo, mashavu na taya navyo ni misuli. Kwa watoto wengi wa aina yake ulimi huwa mnene na mlegevu. Sasa ulimi uko ndani unasukuma meno kwenda nje, na midomo na mashavu yanayopaswa kuyazuia kwa nje hayana nguvu hiyo. Taya linapanuka, meno yanasambaa. Kapteni akiuma magego, ya mbele hayakutani, pana nafasi pale. Chapati haikatiki kwa meno ya mbele, anaivutia pembeni. Mdomo unabaki wazi kwa sababu kuufunga ni kazi ya misuli, na kwa sababu hewa anaivuta kwa huko. Usiku mate yanakauka, nayo mate ndiyo yanayosafisha meno. Mabaki ya chakula yanajificha shavuni na ulimi hauna nguvu ya kuyatoa. Mkono wa kushika mswaki haufiki tena mdomoni. Kwa hiyo meno yake yana sababu nyingi za kuoza ambazo hazihusiani na utamu wowote, ingawa sitasema uongo, ubuyu anaupenda kupita kiasi na anayemnunulia ni huyu anayeandika.

Hayo yote kwa nesi mwenye foleni, saa mbili asubuhi. Haiwezekani.

Na haikuwa safari ya kawaida ya kusafisha meno. Vile vidonge vya prednisolone anavyomeza miaka yote hii vinamsaidia misuli, lakini vinaila mifupa pole pole. Daktari wake anataka kumwanzishia dawa ya kuimarisha mifupa, ya kundi la bisfosfoneti, na akasema: meno kwanza. Ukishaanza dawa hizo halafu ukang'oa jino, kuna hatari ndogo lakini mbaya kwamba taya lisipone, kipande cha mfupa kife palepale. Kinachotakiwa kung'olewa king'olewe kabla. Ndiyo maana tulikuwa kwenye lile benchi.

Bibi aliposikia neno kung'oa akasema, "Si wampe tu dawa ya usingizi, mjukuu wangu asisikie?" Dada akaruka kama aliyekanyaga moto. Hili nalirudia hata kama nimeshaliandika, maana wapo wageni humu: kuna dawa ya kulegeza misuli wanayoitumia madaktari wa usingizi, suksametoniamu, ambayo kwa mtoto mwenye Duchenne inaweza kuvunja misuli na kumwaga potasiamu kwenye damu mpaka moyo usimame. Marekani waliiwekea onyo kali kwa watoto miaka ya 1990, baada ya wavulana kusimama moyo mezani, na baadhi yao walikuwa bado hawajajulikana kuwa ni wagonjwa. Gesi za usingizi kama halotheni nazo ni za kuogopwa. Zipo njia za salama zaidi, dawa za kupitia mshipani, lakini hizo zinataka daktari wa usingizi aliyeambiwa mapema, vipimo vya moyo na mapafu, na hospitali yenye uwezo wa kumsaidia kupumua baadaye. Hazifanywi kwa kustukiza kwa ajili ya gego moja. Karatasi yenye maneno hayo tumeitia plastiki, inakaa kwenye mfuko wa kitimwendo pamoja na majibu ya eko, kile kipimo cha picha ya moyo, kutoka Taasisi ya Jakaya Kikwete. Sindano ya ganzi kwenye fizi ni jambo jingine, ile wengi wao huchomwa bila shida.

Bibi akakubali kuhusu usingizi. Kuhusu nesi hakusema kitu mpaka tulipomaliza kula. Nilikuwa nimehadithia kwa kuchekesha, hata Dada alicheka. Bibi akakusanya sahani, akasema, "Kaka yenu naye walikuwa wanamwambia hivyo hivyo. Funga mdomo, nzi wataingia."

Kaka yetu sikumjua vizuri, nilikuwa mdogo. Nakumbuka anakaa mkekani barazani na watoto wanampitia. Kipindi kile hakuna aliyekuwa na jina la ugonjwa, watu walikuwa na majini na walikuwa na jirani wa kumshuku. Jina lilikuja na Kapteni, na ndipo mambo yakajipanga: unabebwa kwenye kromosomu X, mama anaweza kuubeba akiwa mzima, mtoto wa kiume akiupata unamshika. Bibi aliubeba, Dada anaubeba, na mimi huenda ninaubeba, huenda siubebi, ni nusu kwa nusu. Hilo niliandika mwaka jana na leo silitaki. Ninachosema ni kwamba maneno ya yule nesi yalikuwa yameshasemwa nyumbani kwetu kabla yeye hajazaliwa, na nadhani ndiyo maana hayataki kutoka.

*

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo. Nikaenda kuchukua kadi mkobani, nithibitishe tarehe ya kurudi.

Chini ya jina na umri, juu kabisa ya maandishi ya daktari, kuna mstari: "Anapumua kwa mdomo. ASILAZWE CHALI." Imepigiwa mstari chini. Na unasomeka. Mwandiko wa daktari nimeutazama ukurasa wa pili, ni wa madaktari wote, huwezi kutoa hata neno. Huu ni wa mtu mwingine, kalamu ya bluu.

Sasa nikikumbuka, daktari aliingia akiwa ameshika kadi, na la kwanza alilosema, kabla hata ya "shikamooni" ya Kapteni kujibiwa, ni "Wewe kiti chako kinaegemea kidogo? Basi tunakufanyia hapo hapo, hatukuhamishi." Nilifurahi, nikadhani ameisoma ile karatasi yetu ya plastiki. Lakini karatasi yetu inahusu usingizi tu, haina neno juu ya kulala chali. Na kulala chali kwake ni balaa: kiwambo kinachovuta pumzi kimedhoofu, kifua kinalemewa, na maji ya ile mashine ya meno yakiteremka kooni hana kikohozi cha kuyarudisha.

Kwa hiyo yule nesi alisikiliza jibu. Sijui nifanye nini na jambo hili.

Maana ngojeni niwasimulie yaliyobaki, ambayo kwa hasira niliyaruka. Yule yule nesi ndiye aliyesimama nyuma ya kitimwendo muda wote, kichwa cha Kapteni amekiegemeza kwenye taulo alilolikunja, mkono mmoja shingoni, mwingine una mpira wa kunyonya mate. Walimwekea kipande cha raba katikati ya magego ili taya lisichoke kujishikilia, na hawakulilazimisha kupanuka zaidi ya linavyotaka. Daktari akamwambia, ukitaka kupumzika nipe ishara. Kapteni akasema ana honi. (Ile ya baiskeli, mnaikumbuka, fundi wa pale kona aliifunga kwenye mkono wa kiti.) Vidole vyake bado ni hodari, honi ile anaipiga kuliko bodaboda. Sindano ya ganzi, honi. Daktari akachukua kioo tu kidogo, honi. Akageuka kumwambia nesi kitu, honi. Mwisho daktari akawa anacheka mpaka akaweka koleo chini. Nesi hakucheka, alisema, "Huyu sasa anacheza. Lakini mpumzishe kweli, amechoka." Na alikuwa amechoka kweli, mimi nilikuwa sijaona.

Gego moja limetoka, jingine limezibwa, yote yakapakwa floraidi. Nimepewa kazi za nyumbani: mswaki wa betri, kumpigisha mswaki nikiwa nimesimama nyuma yake na kichwa kimeniegemea, kupitisha kidole chenye kitambaa ndani ya mashavu kila baada ya chakula, na ubuyu, mh.

Kwenye gari, mdomo umekufa ganzi upande mmoja, akasema, "Mamdogo, yule sista ananukia udi kama Bibi."

"Hukukasirika?"

"Kwa nini?"

"Alivyosema kuhusu mdomo."

"Aliuliza, nikamjibu."

"Hakuuliza. Aliamuru."

Akafikiri kidogo. "Basi alivyoamuru nikamjibu."

Mimi bado naona alitakiwa aulize. Kuna swali rahisi tu pale, "mbona mdomo uko wazi?", na lingemfikisha kwenye mstari ule ule wa kalamu ya bluu bila kumchoma mtu. Na kuna watoto wa umri wa Kapteni ambao maneno yao hayaeleweki tena, au waliofundishwa kwamba mtu mzima hajibiwi. Hao nani angewaandikia ASILAZWE? Hilo silitoi. Lakini hasira yangu ya Jumanne, ile nzuri, iliyonyooka, imeniharibikia, na nilikuwa nimeizoea.

Tunarudi Jumatano ijayo, fizi ikaangaliwe. Bibi ameshafunga mfuko wa korosho, anasema ni wa "yule sista wa Kapteni". Korosho zenyewe ni zile nzima, zilizobanguliwa kwa mkono, bei yake kwa hapa Dar mnaijua. Nimemwambia ampelekee daktari. Akasema daktari atapewa nusu. Sijabishana, ila nimeshachota kibakuli kimoja nikakificha, kwa ajili ya yeyote atakayethibitisha kwamba ile "mh" ilikuwa ya aina gani.

Jambo jingine, na hili linanikosesha raha kuliko nilivyotegemea: sendofu ya binti wa Mama Mkubwa ni Jumamosi, sare ni kitenge cha zambarau, na changu kiko kwa fundi tangu mwezi uliopita. Nimepita leo jioni, kibanda kimefungwa kwa kufuli. Muuza vocha wa pembeni anasema fundi amesafiri kwenda Tanga msibani, mwenye genge anasema yupo, ila anajificha wateja. Simu inaita mpaka inakata. Kama kuna mtu wa Temeke humu anayemfahamu, naomba mniambie tu kama ameshakata kitambaa.